Munara ya Makelele

Siku ya yenga, siku ya misa, tarehe 11, mwezi wa kenda

Benita, andika. Andika vile ninasema, usitengeneze vile bwalimu banakufundishaka.

Jina yangu ni Emérence, batoto bananiita Koko. Nyumba yangu iko pembeni ya kiwanja ya mupira, hapa Kibabi. Fasi goli inaishia, njo shamba yangu ya maharagi inaanzia. Miye ku masomo sikuingiaka, nilipitaka tu mbele ya mulango na kuni ku kichwa. Huyu mwenye anaandika ni Benita, mujukuu yangu. Mukono yake iko muzuri, kichwa tutaona.

Kijana mumoja, Archange, alitoka Goma na lori moja ya vyuma mbovu. Anajiita artisti. Alinikuta ninapalilia, akasema: "Koko, tunaweka hapa munara ya mwangaza, ya basuporteri. Weye njo jirani. Siku yenye utapenda, sema kenye unaona, muntu aandike, tutaitia mu kitabu ya projet." Nikamuuliza ninapata nini. Akasema sabuni. Basi nikakubali, juu ninasemaka bule kila siku na sabuni haikuyaka.

Kenye ninaona ni hii: vita iko Masisi tangu Benita hajazaliwa, daraja ilianguka, maternité, nyumba ya kuzalia, haina taa, na Goma inatutumia munara. Andika hivyo hivyo.

Tarehe 14

Mvua. Archange anachimba shimo na suruali nyeupe. Sisemi kintu.

Siku ya posho, kesho ni yenga, tarehe 24

Leo balifungua ile kintu yao. Acha niseme vile inafanana, bale ya Goma basifikiri ni kintu ya maana. Ni vyuma ya vitanda mbovu, kimoja juu ya ingine, mupaka inapita muti ya avoka. Ndani balitundika mabidon ya mafuta, yenye balipasua, na mu kila bidon kuko balampe. Juu kuko pano ya kukamata jua, chini kuko sanduku ya batri. Halafu kuko masikio mbili, moja kila upande. Archange njo anaita hivyo, masikio. Moja inasikiliza basuporteri ya Radi, timu ya Kibabi ya juu. Ingine inasikiliza ba Muto, timu ya Kibabi ya chini. Radi bakipiga makelele, munara inawaka nyekundu. Muto bakipiga, inawaka bluu. Bote bakipiga sawasawa, inakuwa nyeupe mupaka kule juu. Bakinyamaza, giza.

"Hii njo amani, Koko," Archange ananiambia. "Bale pande mbili bakiungana, mwangaza inakuwa nyeupe."

Nikamuambia: "Mutoto yangu, hapa bantu banaunganaka paka wakati ya kukimbia."

Akacheka, akamuambia Benita aandike. Eti ni muzuri kwa kitabu.

Muntu mukubwa kabisa ya basuporteri ya Radi ni nani? Ni mwana yangu Théophile, baba ya nyumba! Alijipaka rangi nyekundu mupaka mu masikio. Bibi yake Colette iko na mimba, alikaa juu ya jiwe anashika mugongo, na bwana anaruka sawa mbuzi yenye imekula tumbako. Upande ya Muto, mukubwa yao ni muramu yangu Adelaïde, dada ya marehemu bwana yangu. Mwanamuke ya mvi, anapiga sufuria na mwiko. Ile sufuria ni yangu, alinikopaka.

Mechi iliisha sifuri kwa sifuri. Bachezaji ishirini na mbili mu matope na hakuna ata mumoja mwenye alijua fasi goli iko. Lakini munara iliwaka, na niliona bantu bakubwa banalia na furaha. Juu ya sifuri!

Marehemu bwana yangu, mwenye alikuwa anatembea na miguu kutoka hapa mupaka Hombo kutafuta chumvi, anarudi na magoti imevimba, hakuna muntu alimupigiaka ata kofi moja.

Tarehe 29

Lévi, munganga ya maternité yetu, alikuya kuongea na Archange. Nilikuwa pale, ninajifanya ninachambua majani ya sombe.

Lakini kwanza acha niseme juu ya Colette. Mwaka ya jana alizaa mu giza. Maternité ilikuwaka na pano yake, bantu ya bunduki baliing'oa ku paa. Lévi alikuwa anashika telefone na meno ili imumulikie, mikono yake iko mu kazi. Telefone ikazimika. Mutoto alikuya na kamba ya kitovu ku shingo na Lévi hakuiona. Wa mbele yake vilevile tulimuzika. Sasa iko na hii mimba. Colette hasemaka kintu. Anashona tunguo tudogo muchana, magaribi anatushonoa, uzi anairudisha mu kikopo.

Basi Lévi anasema: "Kaka Archange, utusaidie batri moja na balampe mbili. Mbili tu."

"Papa Lévi, hii ni œuvre, kazi ya artisti. Ukitoa kipande, inakufa."

"Kwangu ni babibi ya bantu njo banakufa."

"Ninakuelewa, Papa. Lakini mu projet tuliandika amani, hatukuandika maternité. Halafu sanduku nilishaifunga na moto ya kuunganisha vyuma, nikamwanga simenti juu. Ni kwa ajili ya bezi, basiibe batri. Ata miye mwenyewe siwezi kuifungua."

Nikaacha sombe. Nikasema: "Muntu anajenga nyumba anasahau mulango, banamuita kichaa. Weye banakuita artisti."

Lévi akanivuta mukono. Lévi ni mupole sana. Bapole njo banaharibu hii inchi.

Tarehe 2, mwezi wa kumi

Basuporteri balikuya kupiga makelele. Hakuna mechi. Hakuna ata mupira.

Tarehe 8

Sasa ni kila magaribi. Banatoka ku mashamba, hawanawi ata miguu, banakuya ku munara kulinda rangi yao. Maharagi yangu ya pembeni balishaikanyaga. Leo nilimusikia Théophile:

"Shangazi Adelaïde, rudisha sufuria ku jikoni, leo ni nyekundu!"

"Nyekundu ni macho yako ya pombe ya kanyanga! Bluu itawaka mupaka utasahau jina ya baba yako!"

"Baba yangu ni kaka yako!"

"Njo sababu ninamuhurumia!"

Bantu banacheka, banapiga, munara inaruka nyekundu, bluu, nyekundu, sawa muntu mwenye anakosa akili. Colette alikuwa mulangoni ya nyumba yangu anaangalia. Nikamuambia: "Ona bwana yako. Angekuwa na nguvu hivi ku jembe tungekuwa batajiri." Akasema polepole: "Koko, ile nyeupe ni muzuri. Unaweza kutia uzi mu sindano." Nikanyamaza. Miye, kunyamaza! Andika na ile.

Tarehe 15

Bantu ya bunduki balifika ku mulima ya juu. Si bale ya mwaka jana, ni bengine, lakini njaa yao ni moja. Balichukua mbuzi ya bantu kule juu, na bijana babili ya kubeba ile mbuzi. Chef Kabera alikusanya bantu, akasema tangu saa kumi na mbili ya magaribi hakuna makelele, hakuna ngoma, hakuna sufuria. Bakisikia bantu bamekusanyana, banaweza kuzani tunajipanga, bashuke.

Munara ni ya makelele. Basi ikafa. Pesa yote ile ya Goma ikasimama pale mu mvua sawa kitanda ya muchawi.

Na artisti? Archange alipanda pikipiki ya mufanyabiashara mumoja ya Butembo mwenye alikuwa anakimbiza mali yake, akaenda. Ata kwaheri hakusema. Sabuni aliacha kipande moja, nusu. Sasa hii kitabu sijui ni ya nani, lakini nilishazoea, na Benita iko na bic. Tunaendelea.

Tarehe 19

Tunavuna kwa kunong'ona. Maharagi ikishakauka inapigwaka na fimbo, njo itoke mu maganda. Sasa fimbo iko na sauti. Tunaipua na vidole, moja moja, bamama bote chini ya paa sawa panya. Vidole yangu imepasuka. Adelaïde alikaa karibu yangu, anapua, ananong'ona eti Muto ingeshinda championnat kama vita haikukuya. Nikamuambia vita ilikuya kwa sababu Mungu aliangalia vile Muto inacheza.

Tarehe 23

Njia ya hospitali balifunga. Bantu ya bunduki baliweka barière. Mugonjwa mumoja balimurudisha na kipoyi yake yenye balimubebea, bakakamata na blangeti yenye ilikuwa inamufunika. Sasa Colette atazalia hapa, mu ile nyumba ya Lévi ya giza. Mishumaa haipatikani, petroli haipatikani. Colette anahesabu na midomo. Hapana siku njo anahesabu, anahesabu bale benye tulizika.

Tarehe 25

Théophile, mwenye nilizani akili yake ilienda na rangi, alikamata nyundo, akaenda na Lévi ku munara magaribi kuvunja ile sanduku. Ba Muto bakawaona. Bakafikiri Radi inaiba batri. Bakawarukia.

Nimeishi mingi, nimeona vita na vita. Lakini mapigano ya kunong'ona sikuonaka. Bantu kumi na kitu banapigana mu matope, na hakuna ata mumoja anatoa sauti, juu ya amri ya chef. "Mwizi weye!" kwa kunong'ona. "Niachilie shingo!" kwa kunong'ona. Muntu anang'atwa sikio, anafunga kinywa yake na mukono. Nilicheka mupaka nikakaa chini.

Kisha Adelaïde akaelewa ni juu ya Colette, akawafukuza batoto yake ya Muto na mwiko. Lakini Lévi alishaangalia ile simenti. Akasema: "Tukipiga na nyundo, tunaweza kuvunja na akili ya mashine iko ndani. Pale ata makelele haitaiwasha tena." Bakarudi nyumbani, mumoja na pua ya damu, mwingine bila kiatu.

Tarehe 3, mwezi wa kumi na moja

Mvua tangu asubuyi. Colette alishona, leo hakushonoa.

Siku ya yenga, tarehe 6

Benita, kaa muzuri, hii ni mingi.

Bisha, uchungu ya kuzaa, ilimukamata Colette muchana, wakati ya kutoka ku misa. Tukafikiri itaisha na jua. Haikuisha. Saa jua inaanguka, Lévi akatoka mulangoni ya maternité. Akaniambia: "Koko, mutoto anakuya vibaya. Na damu iko. Nikikosa kuona fasi inatoka, tutapoteza bote babili." Ile asubuyi alikuwa na telefone moja. Sasa ilikuwa imekufa.

Théophile akasema: "Tumupeleke ku munara."

Chef Kabera alikuwa pale. Akasema: "Hapana. Mukipiga makelele, bale ya mulima batashuka. Munataka muniuwie kijiji yote juu ya mwanamuke mumoja?"

 Alikuwa na haki, na ninachukia muntu ya bule akiwa na haki.

Tukasikia sufuria. Adelaïde alikuwa anapanda kutoka chini, na nyuma yake ba Muto bote, bamama na mabidon, bababa na mafirimbi. Kabera akamukamata mukono.

"Mama Adelaïde, munyamaze!"

"Chef, niliogopa tangu nizaliwe, na bado balinikulia ngombe. Toka mu njia."

Tukamubeba Colette na mulango. Mulango yangu, tuliing'oa. Tukamulaza chini ya munara, juu ya nguo ya mariage ya Benita, eh, Benita usilie, hujaolewa bado, utapata ingine. Bamama bakamuzunguka na vitenge kumuficha. Radi bakasimama upande yao, Muto yao, vile bamezoea. Na bakaanza.

Weye Mungu! Wiki tatu ya kunong'ona ilitoka mu vifua ya bantu mara moja. Munara ikaruka.

Lakini bajinga ni bajinga. Kila timu iliimba wimbo yake, kila moja inataka kupita mwenzake. Ikawa nyekundu. Lévi akalia: "Nyekundu siwezi! Mu nyekundu sioni damu!" Radi bakapunguza, Muto bakazidi, ikawa bluu. Lévi akalia tena: "Bluu vilevile hapana! Kila kintu inakuwa nyeusi! Munipe nyeupe!"

Théophile akakimbia katikati, anainua mikono kwa Radi, anashusha, anainua kwa Adelaïde, sawa muntu anapima mafuta mu soko. "Polepole Radi! Shangazi, zidisha! Shangazi, weye njo unaongoza, tutafuata!" Mwana yangu kusema vile kwa Muto, mbele ya bantu! Radi bakafuata wimbo ya Muto. Ikakuya rangi ya waridi, ikakuya maziwa, ikakuya nyeupe. Nyeupe kabisa, mupaka nikaona kila mvi ku kichwa ya Lévi na jasho inashuka ku pua yake.

"Njo hivyo!" anasema. "Musiache!"

Hawakuacha. Mvua ilianza, hawakuacha. Muntu akikosa sauti, anapiga bidon. Kabera alikuwa anasimama mbali anaangalia mulima. Kisha nikamuona anapiga mikono, kwanza polepole, sawa mwenye anafukuza imbu.

Halafu Lévi akasema: "Kichwa inaonekana."

Sasa sikiliza ujinga ya bantu yetu. Kwetu, mutoto akikaribia kutoka, bantu bananyamaza. Tangu babu. Mutoto njo anapaswa kulia kwanza, muntu mwingine asimutangulie. Mama mumoja alisikia "kichwa", akasema "sssh" kwa heshima. Mwingine akasema "sssh". Radi bakanyamaza. Muto bakanyamaza. Adelaïde akateremusha mwiko. Heshima muzuri sana. Na munara ikazimika.

Giza. Mvua. Na Lévi mu ile giza: "Kamba! Iko na kamba ku shingo, siioni! Mwangaza! Mwangaza!"

Na hakuna muntu! Banasimama pale na vinywa wazi, mizimu ya babu imewashika koo. Ata Théophile.

Basi miye nikasimama pale katikati, kati ya ile masikio mbili, nikafungua kinywa. Wimbo ya mupira sijui ata moja. Nikafanya kenye ninajuaka.

"Bajinga weeee!" Munara ikatikisika. "Kabera! Chef ya kuku! Bale ya bunduki bakikohoa unajificha mu chungu ya bibi yako, na chungu yenyewe iko na tundu! Théophile! Ulizaliwa miguu mbele, njo maana tangu ile siku kichwa yako inachelewaka kufika! Radi, timu ya makapi! Goli iko inawafungulia mikono na munapiga mupira ku maharagi yangu! Muto, bana chura! Goalkeeper yenu anashika mupira sawa muntu anashika nyoka ya jirani! Lévi, na upole yako, ungelikata ile simenti siku ya kwanza! Archange, ata kama uko Goma usikie, œuvre yako ni kitanda! Na weye Colette, nimechoka kuona unashonoa! Sukuma!"

Nyeupe. Nyeupe mupaka ku bidon ya mwisho. Miye peke yangu, na mvua mu kinywa. Nilimutukana kila muntu na jina yake. Bale benye jina sikujua, niliwatukana na nyumba yao. Nilitukana mupaka kikohozi ikanishika, na mbele haijaninyamazisha, nikasikia ku miguu yangu kintu kidogo inanijibu, na hasira.

Mutoto mwanamuke. Munara ikawaka na kilio yake.

Pale njo bantu bote bakapiga makelele, bila kuambiwa, na Lévi akapata mwangaza ya kufunga damu polepole, sawa muntu anatia uzi mu sindano.

Tarehe 7

Colette amekunywa uji. Hakuna mwenye alishuka ku mulima.

Tarehe 9

Bamama benye balienda soko jana balisimamishwa ku barière. Bantu ya bunduki baliwauliza: "Ile mechi ya makelele ya juzi, nani alishinda?" Mama mumoja, mwenye akili, akasema: "Match nul, hakuna mwenye alishinda." Bakahuzunika, bakawaachilia na mihogo yao. Bunduki mukononi, na kichwani ni Radi na Muto. Bantu ni bale bale.

Lakini sababu ya kukuita leo, Benita, ni ingine. Tangu asubuyi bantu banakuya hapa. Nilizani banakuya kugombana, juu ya vile niliwasema. Nikaweka fimbo karibu. Kumbe hapana. Banakuya kumuona mutoto, banaketi, banaanza: "Koko, unakumbuka vile ulinisema miye? Eti chura!" Na furaha! Goalkeeper ya Muto anazunguka kijiji yote anaeleza ile ya nyoka. Kabera mwenyewe alileta kuku, akasema: "Mama Emérence, ni ya chef ya kuku." Akacheka mupaka akafuta macho. Hii kijiji haina haya. Nimeishi nayo bule.

Adelaïde alikuya wa mwisho. Akaketi kando ya Colette, akamukamata mutoto, akamunusa kichwa, akamurudisha. Hakucheka sawa bengine. Nikamuuliza iko na nini. Akaangalia chini.

"Hapana kintu, muramu."

"Sema."

"Ulimutukana kila muntu. Ata bale ya Radi. Ata Archange mwenye hakukuwa pale." Kinywa yake ikatetemeka, mwanamuke ya mvi. "Miye ulinipita. Nilisimama pale na mwiko, ninangoja. Ulinipita sawa sikukuwa."

Nikamuangalia. Ni kweli. Nilitafuta kichwani kenye nilipaswa kumusema ile magaribi, na sikupata. Mwanamuke mwenye alipanda na sufuria na kumuambia chef toka mu njia, utamutukana nini?

Lakini alikuwa pale mbele yangu, macho imejaa mayi, na jua bado iko.

Basi nikanyoosha mugongo, nikakohoa ili koo isafike, na nikaanza na miguu yake. Colette akamufunika mutoto masikio. Benita, ile yote uiandike, ukurasa moja haitatosha.